UZI: Lenzi imetoka sevisi ya kampuni ikiwa mbovu kuliko ilivyoenda. Wapiga picha wa Kisumu, Nakuru na western pitieni hapa

PichaZaNyanza (mwenye uzi)

Wadau habari zenu. Hii nimeandika ndefu na sitaifupisha, manake nimeona watu wengi huku kwetu wanaumia kimya kimya. Mtu anatuma kamera Nairobi kwa sevisi ya kampuni yenyewe, si fundi wa mtaani, analipa pesa nzuri, alafu kitu kinarudi na shida ambayo haikuwepo, akiuliza anaambiwa "ilikuja hivyo" na stori inaisha hapo. Haifai iishe hapo.

Yangu ni 70-200 f/2.8, ile zoom ya kuvuta mbali yenye apacha (tundu la kuingiza mwanga) pana. Wenye hufanya harusi na mazishi mnaijua hiyo lenzi, ndiyo hulipa nyumba. Ukiwa kwa mazishi Ugenya ama Bondo huwezi kwenda kusimama juu ya jeneza na kamera, unasimama mbali na heshima zako unavuta kutoka huko. Otofokasi yake (ile ya kujitafutia fokasi yenyewe) ilianza kulia ikitafuta, saa zingine inakwama kabisa, kwa hivyo nikaituma sevisi ya wenye waliitengeneza. Jina lao silitaji hapa na naomba mtu asinisukume, bado tuna mambo hatujamaliza nao. Makadirio wakatuma, nikakubali, nikalipa.

Ikarudi. Otofokasi kimya, inashika haraka, hapo sina neno. Lakini upande wa kushoto wa kila picha hauko sawa. Ukipiga familia imejipanga laini moja, wa katikati na wa kulia unaona hadi kope, wa kushoto sura zao ni kama zimepakwa mafuta ya kujipaka. Nikageuza lenzi nyuma nikaona skrubu mbili za maunti, ile pete lenzi inashikia kamera, vichwa vimeliwa, na kioo cha nyuma kina mkwaruzo mwembamba unaouona ukishika taa kwa pembeni. Pete ya tripodi nayo haikurudi kabisa.

Nikapiga simu. Jibu la kwanza: lenzi ilipokelewa ikiwa na dalili za kuanguka. Sasa hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu utajibu nini? Ni neno lako na lao, na wao wana koti jeupe na nembo ya kampuni ukutani.

Mimi nilikuwa na kitu cha kujibu. Kabla ya kutuma huwa napiga kifaa picha pande zote, maunti karibu karibu, vioo vya mbele na nyuma na taa ya pembeni, namba ya siriali isomeke, alafu simu inarekodi video moja bila kukata kuanzia kifaa kiko mezani hadi boksi limefungwa na selotepu na stika ya kuria imebandikwa. Na nilikuwa na faili za raw (picha ghafi kama zilivyotoka kwa kamera) za kazi ya wikendi iliyotangulia, lenzi hiyo hiyo, f/2.8, pembe zote nne kali. Nikawatumia zote kwa imeli moja. Siku iliyofuata lugha ilibadilika.

Wakaichukua tena kwa gharama yao, wakapanga vioo upya, wakabadilisha kioo cha nyuma na skrubu. Sahii iko sawa. Pete ya tripodi na pesa nilizotumia kukodisha lenzi nyingine wakati yangu iko huko bado tunavutana.

Nachotaka kusema kwa huu uzi ni hiki: ushahidi unatengenezwa kabla kifaa hakijatoka kwako. Kikisharudi kimeharibika umechelewa kuutengeneza, unabaki tu kubishana. Kampuni kuwa kubwa ama kuwa ndiyo imetengeneza hiyo kamera haimaanishi mtu aliyeifungua siku hiyo alikuwa makini.

mamapicha_naks

Asante kwa hii kaka. Mimi niko Nakuru, napiga sana ndege pale ziwani na Bogoria. Bodi yangu (kamera yenyewe bila lenzi) ilienda kubadilishwa shata, lile pazia la ndani linalofunguka ukipiga, imerudi, picha za kawaida ziko poa lakini nikipiga anga naona madoa. Nikiwauliza wanasema ni vumbi la kawaida. Nitajuaje kama ni wao ama ni mimi nabadilisha lenzi kwa upepo wa huko?

PichaZaNyanza

Dada, swali zuri, na ungepima siku ile ile ilirudi kabla hujatoa lenzi hata mara moja ungekuwa na jibu safi. Lakini bado pima. Weka f/16 ama f/22 (namba ikiwa kubwa apacha ni ndogo), ISO ya chini, zima otofokasi, weka fokasi mbali isishike chochote, elekeza ukuta mweupe ama anga bila mawingu, piga ukitingisha kamera kidogo. Chochote kitakachobaki mahali pamoja kwa kila picha kiko kwa sensa, kile kibao cha ndani kinachonasa picha. Vumbi huwa ni doa lenye kingo laini na likipulizwa na puliza ya mpira mara nyingi linahama. Mafuta ya shata huwa ni duara dogo dogo, hayahami kwa kupulizwa. Ukiona mstari mwembamba ulionyooka ambao hauondoki hata sensa ikisafishwa na maji yake, huo ni mkwaruzo, na huo haujatoka Bogoria.

Na kitu kama hiki kimewahi kukubaliwa na kampuni kubwa kabisa. Nikon D600 ilitoka 2012, watu wakalalamika madoa kwa sensa dunia nzima, 2013 Nikon wakatoa tangazo la namna ya kusafisha, na 2014 wakakubali kusafisha na kubadilisha shata bure hata kama waranti imeisha. Ilitokea hivyo kwa sababu watu waliweka picha za f/22 mezani, nyingi, moja baada ya nyingine, na picha hizo hazikuwa na ubishi.

Pia pima doti zinazowaka. Funga kifuniko cha lenzi, piga sekunde 30 gizani, angalia doti nyekundu, bluu ama nyeupe. Chache si shida kwa sensa yoyote. Zikiwa zimejaa na picha zako za zamani hazikuwa nazo, uliza.

fundi_kondele

Wakuu mimi natengeneza kamera hapa Kisumu miaka mingi, si wa kampuni yoyote. Wacha niwaeleze ni nini hutokea ndani ndio msilaumu ovyo na pia msikubali ovyo.

Lenzi ya zoom ina makundi ya vioo yanayotembea ndani ya mrija. Vioo vingine vimekaliwa na vipande vyembamba sana vya bati ama plastiki, kazi yao ni kurekebisha umbali na mwinamo. Chini ya maunti pia mara nyingi vipo. Ukifungua lenzi kufikia mota ya otofokasi lazima uvue hivyo vitu, na ukivirudisha kimoja mahali si pake, tofauti ya sehemu ya mia ya milimita tu, upande mmoja wa picha unapoteza ukali. Ndio maana baada ya kufunga lazima lenzi iwekwe kwa mashine ya kupimia, unaangalia katikati na pembe zote, unarekebisha, unaangalia tena. Hiyo hatua inakula muda. Kama fundi ana foleni ya lenzi nyingi na bosi anataka idadi, hiyo ndiyo hatua inarukwa. Anawasha kamera, anaona otofokasi inashika katikati, anaandika "imepona".

Skrubu nazo. Kamera nyingi ni za Kijapani na skrubu zake ni za kiwango cha JIS. Msalaba wake unafanana na Phillips kwa macho lakini haulingani. Ukitumia bisibisi ya Phillips inaruka na kula kichwa. Mtu wa sevisi ya kampuni hana sababu ya kukosa bisibisi ya JIS. Nikiona skrubu zimeliwa kwa lenzi ambayo mwenyewe ana picha zake zikiwa nzima, kwangu hilo limeisha.

Lakini semeni pia ukweli wa upande wa pili. Lenzi ikianguka nyumbani kwako, kioo kinaweza kusogea kidogo ikaendelea kufanya kazi, ikifunguliwa na kufungwa ndio shida inaonekana wazi. Fundi ataonekana ni yeye. Kwa hivyo ukiandika fomu, kama ilianguka andika ilianguka. Ukificha wakija kukuta alama ya kugongwa ndani umepoteza kesi yote hata ile sehemu ilikuwa haki yako.

PichaZaNyanza

Fundi umenena. Hapo kwa fomu mimi naongeza: andika shida kwa maneno kamili. Usiandike "lenzi mbovu", andika "otofokasi inalia na kukwama, vioo safi, picha kali pembe zote, maunti haina mchubuko". Ukiiandika hivyo na wao wakaipokea bila kupinga, hali ya kifaa imeshawekwa. Na omba karatasi yao ya mapokezi inayosema wamekipata katika hali gani. Wengi huwa nayo, hawakupi mpaka uombe.

Pia usitume vitu hawavihitaji. Kamba, betri, kadi, kifuniko, fita, pete ya tripodi, vyote vibaki nyumbani isipokuwa wamesema wanavitaka.

jua_kali_kakamega

Mimi nauliza tu, hiyo kujua upande mmoja umelegea unaipima vipi? Manake mimi nikipiga ukuta naona upande mmoja hafifu lakini sijui kama ni lenzi ama nimesimama vibaya.

PichaZaNyanza

Ukuta wa matofali ama gazeti limebandikwa ukutani, tripodi, saa ya kuchelewesha ama rimoti usiguse kamera, apacha wazi kabisa, fokasi katikati. Uangalie kona nne kwa kompyuta, si kwa skrini ya kamera. Sasa ili ujue kama ni wewe umesimama mshazari, geuza kamera juu chini kwa tripodi na upige tena ukuta ule ule. Kama uhafifu umebaki upande ule ule wa picha, ni kifaa. Kama umebaki upande ule ule wa ukuta, hujasimama sawa. Alafu ujaribu lenzi hiyo kwa bodi nyingine, na lenzi nyingine kwa bodi yako, ndio ujue ni lenzi ama ni maunti ya kamera imepinda. Ukifunga apacha hadi f/8 shida itapungua na utadhani imeisha, kwa hivyo pima wazi.

Fanya hiki kipimo leo na lenzi zako zote zikiwa nzima, uweke faili. Zikija kuumwa utakuwa na ya kulinganisha. Faili ya raw inabeba tarehe, namba ya siriali ya bodi, na kwa lenzi nyingi za kisasa hata namba ya lenzi yenyewe. Mtu anaweza kusema saa ya kamera hubadilishwa, ni kweli, kwa hivyo uwe na picha ulizomtumia kasitoma kwa imeli siku zile zile, hiyo tarehe si yako kuigeuza.

boda_to_lens

Mkubwa mi naona nusu ya hizi shida ni barabara si sevisi. Kutoka Nairobi hadi huku ni kama kilomita 350, paseli iko chini ya gunia la vitunguu kwa basi. Sevisi wakisema ni kuria na kuria wakisema ni sevisi unafanya nini?

PichaZaNyanza

Hapo uko sahihi, na ndio maana kufungua boksi nayo ni ya video. Kabla hujasaini, zungusha boksi, piga picha kona zote. Likiwa limebonyea andika kwa karatasi yao ya kupokelea "boksi limebonyea" ndio usaini. Alafu fungua ukirekodi bila kukata. Boksi zima, sponji nzima, alafu kioo kimekwaruzwa na skrubu zimeliwa, hiyo si barabara. Barabara haitumii bisibisi. Lakini boksi limepasuka na kingo ya lenzi imebonyea, hapo anza na kuria.

Na tangaza thamani wakati wa kutuma. Usipotangaza, kuria wengi kwa masharti yao wanalipa kidogo sana, haifikii hata kifuniko. Makampuni ya kuria yanapewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo kuria akikuzungusha una pa kulalamika.

Kufunga: boksi mbili, ya ndani ielee katikati ya sponji ama karatasi za kutosha pande zote sita. Lenzi itolewe kwa kamera, iwekwe vifuniko mbele na nyuma. Ukituma ikiwa imefungwa kwa bodi, uzito wote unavuta maunti kila mtikisiko.

Kama unaweza, nenda mwenyewe na uijaribu pale pale kaunta na kamera yako. Mtu akikukataza kujaribu kitu chako kabla ya kusaini, usisaini.

wakili_kijana_ksm

Niingie hapo kwa sheria kidogo, kwa sababu watu wanadhani hawana nguvu.

Ukimpa mtu kifaa akirekebishe, sheria inamhesabu kama mtunzaji wa mali yako. Ukionyesha kilitoka kwako kizima na kikarudi kimeharibika, ni yeye anatakiwa aonyeshe kwamba alikitunza kwa uangalifu. Si wewe uonyeshe ni fundi gani alikosea na saa ngapi. Ndio maana hiyo video ya mwenye uzi ina uzito, inamaliza sehemu yako ya kazi.

Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa na fidia kwa hasara. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari na vitu vingine, pamoja na mambo ya makadirio na idhini kabla ya kutozwa. Kwa hivyo weka imeli ya makadirio na ile ya kukubali.

Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianzishwa kwa sheria ya 2016 na ikaanza kusikiliza kesi 2021 Nairobi, sasa iko Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kakamega pia. Inachukua madai hadi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe. Lenzi ya laki mbili inaingia hapo vizuri sana. Unaweza pia kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, wana kitengo cha watumiaji.

Lakini anza na barua ya madai. Kesi nyingi huishia hapo.

mamapicha_naks

Na kamera zetu zile zimetoka Dubai? Manake mi niliambiwa waranti haifanyi kazi hapa.

PichaZaNyanza

Waranti na uharibifu ni vitu viwili dada, watu wanavichanganya na sevisi zingine zinafurahi wakivichanganya. Waranti ni kama kampuni italipia ubovu wa kiwandani, na ya kamera nyingi ni ya eneo ilikouzwa, kwa hivyo ya Dubai wanaweza kuikataa. Sawa. Lakini ukilipa pesa yako kwa matengenezo na wao wakaharibu wakiwa nayo mkononi, hapo haijalishi ilinunuliwa Dubai, Tokyo ama Luthuli pale Nairobi. Wamepokea, wamelipwa, wameharibu.

Na matengenezo yenyewe huwa na waranti yake kwa kazi iliyofanywa, soma kwa risiti ni ya miezi mingapi. Omba pia sehemu walizotoa zirudishwe. Ikiwa wamebadilisha mota, mota ya zamani iko wapi?

fundi_kondele

Niongeze hapo hapo. Kamera zenye mpira wa kuzuia maji, ikifunguliwa ule mpira unafaa kubadilishwa ama angalau kukaguliwa. Waulizeni na iandikwe. Huku kwetu kando ya ziwa unyevu ni mwingi, lenzi iliyofungwa vibaya inaingiza unyevu na baada ya miezi unaona ukungu (kuvu) kama utando kwa vioo, na ukungu ukikaa sana unakula ile rangi kioo kimepakwa juu, hautoki tena. Hiyo haionekani siku ya kurudishiwa. Kila ikirudi iangalieni na tochi sahii, na tena baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya mvua.

binti_busia

Jamani mimi nimesoma yote na nimeumia roho. Kamera yangu imerudi juzi kutoka sevisi, skrini inawaka lakini mpira wa mkono umebanduka na kuna kona moja ya picha hafifu. Sikurekodi video. Boksi bado liko. Nina matumaini ama niache?

PichaZaNyanza

Usiache dada yangu. Kwanza usiitumie kwa kazi na usiipeleke kwa fundi mwingine kuibandika, ikishafunguliwa na mtu wa pili watasema ni yeye. Usitupe boksi wala sponji wala stika.

Leo hii piga picha kila kitu, fanya kipimo cha ukuta kama nilivyoeleza juu. Alafu rudi nyuma kwa faili zako. Umekuwa ukipiga kazi na hiyo kamera kabla ya kuituma, si ndio? Tafuta picha za wakati huo zenye kona kali, hata za sherehe, zozote zenye maelezo kwa ile kona. Tafuta pia picha ambazo wewe mwenyewe umepigwa ukiwa na kamera mkononi, kwa Facebook ya kasitoma, kwa status, mpira wa mkono utaonekana ulikuwa mzima. Hiyo ni video yako, uliifanya bila kujua.

Waandikie imeli leo, isilale. Simu piga lakini baada ya simu andika imeli "kama tulivyozungumza leo na mhudumu wenu" na uweke alichosema. Kwa imeli taja namba ya kazi, tarehe ya kupokea, kasoro moja moja, picha ya kabla na ya baada zikiwa pamoja, na unachotaka: watengeneze bure na wagharamie usafiri kwenda na kurudi. Wape tarehe ya kujibu. Andika kwa heshima, usitukane, hiyo imeli inaweza kusomwa na hakimu siku moja.

Wakikubali kuichukua tena, safari hii rekodi kila kitu kabla boksi halijafungwa. Na ukipata jibu lao liweke hapa, ficha majina, tuone wamesema nini ndio tukusaidie kujibu.